Upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo: kinachoondolewa, kinachobaki na kinachobadilika

Watu wengi wanaposikia kwamba upo upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo ili mtu apungue uzito, huuelewa kama wanavyoelewa habari ya gunia: gunia likikatwa likawa dogo, nafaka itakayoingia nayo itakuwa kidogo. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaishia nusu ya njia, na nusu inayobaki ndiyo inayomhusu zaidi mtu anayefikiria kufanyiwa upasuaji huu, au anayemsindikiza ndugu yake katika uamuzi huo. Mfuko wa tumbo, pamoja na kupokea chakula na kukisaga, hutengeneza homoni zinazoupelekea ubongo habari za njaa na za shibe, na sehemu yake kubwa inapoondolewa habari hizo nazo hubadilika. Asiyelijua hilo hawezi kueleza kwa nini upasuaji huu hufanya kazi pale ambapo miaka mingi ya kujinyima chakula imeshindwa, wala kwa nini baada ya miaka kadhaa baadhi ya watu huanza kurudisha uzito ingawa mfuko wao umebaki mdogo.

Ni vyema kuanza na kinachofanyika juu ya meza ya upasuaji. Mfuko wa tumbo wa mtu mzima una umbo la kibuyu kilichopinda. Upande wake wa kulia umebonyea ndani, upande wa kushoto umebinuka nje, na juu kabisa kushoto, chini ya kiwambo cha kupumulia, pana sehemu pana iliyo kama kuba. Mtu akila hadi kushiba, mfuko huo hutanuka na kubeba lita moja au moja na nusu. Mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi, daktari hutoboa matundu madogo, kwa kawaida manne au matano, hulijaza tumbo hewa ya kaboni dayoksaidi ili apate nafasi ya kufanyia kazi, kisha huingiza kamera na vifaa vyembamba. Huutenganisha upande wa nje wa mfuko na utando wa mafuta pamoja na mishipa ya damu inayoushikilia. Baada ya hapo mpira laini wenye kipenyo cha takriban milimita 12 hupitishwa mdomoni, ukashuka kwenye umio hadi ndani ya mfuko na kulala kando ya upande wa kulia. Mpira huo ndio kipimo: daktari hufuata ukingo wake kwa stepla maalumu inayopiga safu kadhaa za pini ndogo za titani na kukata katikati ya safu hizo kwa wakati mmoja. Huanza sentimita chache juu ya lango la chini la mfuko na kupanda hadi karibu na mahali umio unapoingilia.

Sehemu iliyokatwa, ambayo ni kati ya asilimia 75 na 80 ya mfuko mzima pamoja na lile kuba lote, hutolewa nje kupitia mojawapo ya yale matundu. Kinachobaki ni bomba jembamba mfano wa mkono wa shati, linaloweza kubeba takriban mililita 100 hadi 150. Utumbo mwembamba hauguswi, na chakula hupita njia ile ile iliyokuwa ikipita tangu mtu alipozaliwa. Kazi yote huchukua saa moja hadi mbili, na mgonjwa asiyepata matatizo hurudi nyumbani baada ya usiku mmoja au miwili. Naisisitiza habari ya sehemu iliyotolewa kwa sababu haiwezi kurudishwa. Kuna aina nyingine za upasuaji wa uzito, kama ule wa kufunga mkanda kwenye mfuko, ambazo zinaweza kutenguliwa. Huu hautenguliwi.

Upasuaji huu haukubuniwa ili usimame peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Amerika ya Kaskazini waliutumia kama hatua moja ndani ya upasuaji mkubwa zaidi, ambao pamoja na kupunguza mfuko ulihusisha kukata na kuunganisha upya utumbo. Njia ya matundu madogo ilipoanza kutumika karibu na mwaka 2000, ilionekana kwamba wagonjwa wenye uzito mkubwa sana hawakuweza kuhimili kazi yote hiyo kwa siku moja, na hatari ya kifo ilikuwa kubwa mno. Ikaamuliwa kazi igawanywe mara mbili, yaani mgonjwa apunguzwe mfuko kwanza, apungue uzito, kisha arudi baada ya miezi kadhaa kwa hatua ya utumbo. Baadhi ya wagonjwa wakapungua kiasi kwamba hatua ya pili haikuhitajika tena. Hivyo ndivyo kilichokusudiwa kuwa hatua ya maandalizi kilivyogeuka tiba kamili, na leo ndio upasuaji wa uzito unaofanywa kwa wingi kuliko mwingine wowote duniani.

Njaa inavyobadilika

Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani walitangaza kugundua homoni inayotengenezwa hasa katika lile kuba la juu la mfuko wa tumbo, wakaiita ghrelini. Homoni hii hupanda damuni kabla ya mlo na kushuka baada ya kula, na inapopanda hupeleka kwenye ubongo hisia ya njaa. Mtu anayepunguza uzito kwa kula kidogo hukutana na jambo gumu: kadiri anavyopungua, ghrelini yake huongezeka, huku leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo ya kutosha, ikishuka. Mwili wake nao huanza kutumia nishati kidogo kuliko mwanzo. Kwa maneno mengine, mwili huuchukulia upungufu wa uzito kama dalili ya kufa njaa na kuupinga kwa kila njia, na upinzani huo hauishi baada ya wiki mbili tatu. Vipimo vimeonyesha kwamba mwaka mmoja baada ya kupungua, homoni bado zinamvuta mtu arudi alikotoka.

Jambo hili linastahili kusemwa waziwazi, kwa kuwa watu wenye unene uliopitiliza wamebeba lawama kwa muda mrefu mno. Wameambiwa ni wavivu, ni walafi, hawana msimamo, na wengi wao wamekuja kuamini hivyo. Ukweli ni kwamba aliyepungua kilo 20 kwa kujinyima na kuzirudisha zote amepambana na mfumo wa mwili uliojengwa ili binadamu asife wakati wa njaa, na kushindwa katika mapambano hayo si aibu.

Upasuaji wa kupunguza mfuko huingilia mapambano hayo mahali pake. Kuba linapoondolewa, sehemu kubwa ya seli zinazotengeneza ghrelini huondoka nalo, na kiwango cha homoni hiyo damuni hushuka. Wakati huohuo, kwa kuwa bomba lililobaki halina nafasi ya kukihifadhi chakula kwa muda mrefu, chakula huteremka kwenye utumbo mwembamba haraka zaidi, na utumbo hujibu kwa kumwaga kwa wingi homoni za shibe, mojawapo ikiwa ni ile inayoitwa GLP-1. Homoni hiyo pia huchochea kongosho kutoa insulini. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya 2 huona sukari yao ikishuka ndani ya siku chache, kabla mizani haijaonyesha tofauti kubwa, na ndiyo sababu dawa zao za sukari na za shinikizo la damu zinapaswa kupunguzwa chini ya uangalizi wa daktari tangu wiki ya kwanza. Anayeendelea kumeza kipimo cha zamani huku akila vijiko vichache tu vya supu anaweza kuanguka kwa upungufu wa sukari.

Wagonjwa wenyewe hulieleza badiliko hili kwa namna zinazofanana: mawazo ya chakula yaliyokuwa yakiwaandama mchana kutwa hunyamaza. Kwa wengi hali hiyo huwa na nguvu zaidi katika mwaka wa kwanza, kisha njaa hurudi kidogo kidogo, ingawa mara nyingi haifikii kiwango cha zamani. Kipindi hicho cha utulivu ndicho wakati wa kujenga mazoea mapya ya kula na ya kuufanyisha mwili kazi, kwa sababu mazoea yaliyojengwa wakati njaa imelala hushika kwa urahisi kuliko yanayojengwa ikiwa imeamka.

Nani anafaa, na nani anapaswa kuelekezwa kwingine

Kigezo kinachotumika zaidi ni BMI, yaani uzito wa mtu kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye kilo 110 na urefu wa mita 1.65, kwa mfano, ana BMI ya takriban 40. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991, ambao ulifuatwa duniani kwa miongo mitatu, ulisema upasuaji wa uzito ni kwa mwenye BMI ya 40 au zaidi, au ya 35 na zaidi ikiwa ana ugonjwa mzito unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii viliulegeza: sasa BMI ya 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine, na mwenye BMI kati ya 30 na 35 anaweza kufikiriwa ikiwa ana maradhi kama kisukari cha aina ya 2 ambayo hayadhibitiwi vizuri kwa dawa. Kwa watu wenye asili ya Asia viwango hivyo hushushwa, kwa kuwa madhara ya unene huwaanza mapema zaidi.

Namba hiyo peke yake haitoshi kuamua. Mtu mwenye kiungulia kikali cha muda mrefu, na hasa ambaye utando wa umio wake umeshaanza kugeuka kwa kuunguzwa na asidi, kwa kawaida hushauriwa aina nyingine ya upasuaji, kwa sababu nitakayoieleza hapa chini. Mjamzito husubiri. Mwenye ugonjwa wa akili ambao haujatulizwa, au aliyezama katika ulevi, hutibiwa hayo kwanza. Mvutaji wa sigara hutakiwa kuacha wiki kadhaa kabla, kwa kuwa sigara huchelewesha kupona kwa kidonda na huongeza hatari ya damu kuganda. Wengi hufanyiwa pia kipimo cha kamera kwenye umio na mfuko wa tumbo, vipimo vya damu, uchunguzi wa kukatika pumzi usingizini, na mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia. Mazungumzo hayo ya mwisho huwaudhi baadhi ya watu, wakadhani wanatiliwa shaka akili zao. Lengo lake ni kujua kama mtu hula ili kutuliza huzuni au hofu, kwa sababu mfuko ukipungua huzuni haipungui pamoja nao, na mtu aliyezoea kutulizwa na chakula atahitaji msaada mwingine.

Wiki mbili hadi nne kabla ya siku yenyewe, mgonjwa huwekwa kwenye mlo wa kalori chache sana, mara nyingi kati ya 800 na 1,200 kwa siku. Wengi hudhani ni jaribio la kuwapima nia. Sababu yake ni ini. Kwa mtu mnene, ini mara nyingi hujaa mafuta na kuvimba, na upande wa kushoto wa ini hilo hulala juu ya sehemu ile ile ambayo daktari anahitaji kuifikia. Mlo huo huliondolea mafuta likasinyaa haraka, na daktari akaweza kuliinua bila kulijeruhi.

Hatari zake, za mapema na za baadaye

Mikononi mwa madaktari wenye uzoefu, vifo vinavyotokana na upasuaji huu ni vichache mno, chini ya mtu mmoja katika kila watu 300, na katika vituo vinavyofanya kazi hii kila siku ni vichache zaidi ya hapo. Hata hivyo lipo tatizo moja ambalo kila mgonjwa anapaswa kulijua kabla ya kutia saini, nalo ni kuvuja kwa mstari wa pini. Hutokea kwa takriban mtu mmoja katika mia, na mara nyingi hutokea juu, karibu na mahali umio unapoungana na mfuko. Sababu ni ya kimaumbile. Mfuko umekuwa bomba jembamba, lango lake la chini halijaguswa na bado hujifunga kama kawaida, kwa hiyo shinikizo ndani ya bomba ni kubwa kuliko lilivyokuwa ndani ya kibuyu kipana. Bomba likiwa limebanika au kupinda katikati, shinikizo la juu huzidi, na mahali penye damu kidogo hapawezi kufunga vizuri. Maji ya tumboni yakivuja nje husababisha usaha na maambukizi yanayoweza kuua.

Dalili za kuangalia ni mapigo ya moyo yaendayo kasi, hasa yanayozidi 120 kwa dakika, homa, maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua, maumivu kwenye bega la kushoto, na kupumua kwa shida. Moyo kwenda mbio huweza kutangulia homa na maumivu, kwa hiyo mtu asisubiri dalili zote zikamilike. Kuvuja kunaweza kutokea mgonjwa akiwa tayari amerudi nyumbani, hata wiki ya pili, na aliye nyumbani anapaswa kujua kwamba hali hiyo ni ya kurudi hospitali usiku huohuo. Hatari nyingine za siku za mwanzo ni kutokwa damu kwenye mstari wa pini na damu kuganda kwenye mishipa ya miguu au ya mapafu, ndiyo maana mgonjwa huinuliwa atembee saa chache tu baada ya kuamka na hupewa sindano za kuzuia damu isigande.

Tatizo la baadaye linaloumiza vichwa vya wataalamu zaidi ni kiungulia. Shinikizo lile lile linalochangia kuvuja huisukuma asidi ipande kwenye umio, na nyuzi za misuli zilizokuwa zikisaidia kuufunga mlango wa juu huweza kudhoofishwa na mkato. Utafiti mmoja wa Finland uliwafuatilia kwa miaka 10 wagonjwa 240 waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya upasuaji huu na ule wa kuchepusha chakula, ambao mfuko hukatwa ukabaki mdogo sana na kuunganishwa moja kwa moja na sehemu ya katikati ya utumbo mwembamba. Miaka 10 ilipopita, umio wenye mchubuko wa asidi ulikutwa kwa asilimia 31 ya waliopunguzwa mfuko, na kwa asilimia 7 tu ya waliochepushwa. Tofauti hiyo ni kubwa, na kwa maoni yangu inapaswa kuelezwa kwa kila mgonjwa kwa lugha anayoielewa, kwani wengi huchagua kupunguzwa mfuko kwa kuwa wamesikia ndio upasuaji mwepesi. Ni mwepesi kwa daktari na kwa wiki za kwanza. Kwa mwenye kiungulia unaweza kuwa mzito kwa miaka yote inayofuata. Kiungulia kikizidi na dawa zikishindwa, tiba inayobaki ni kufanyiwa upasuaji wa pili wa kuligeuza bomba hilo kuwa mchepuko.

Upo pia upungufu wa lishe. Seli zilizomo kwenye sehemu iliyoondolewa ndizo zilizotengeneza asidi pamoja na kiini kinachouwezesha mwili kufyonza vitamini B12, na chakula chenyewe kinachoingia kimekuwa kidogo, hivyo madini ya chuma, vitamini D na B12 hupungua polepole bila mtu kuhisi kitu, hadi siku uchovu au ganzi ya vidole inapomtia wasiwasi. Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote, na vipimo vya damu ni vya kila mwaka. Vitamini B1 ina hatari ya peke yake: akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu, na mgonjwa anayetapika mfululizo huweza kuimaliza. Dalili ni kuyumba anapotembea, kuona vitu viwili viwili na kuchanganyikiwa. Hali hiyo ikitambuliwa mapema hutibika kwa sindano, na ikichelewa huacha ulemavu wa kudumu wa ubongo. Mgonjwa wa namna hii akifikishwa hospitali, familia iwaambie wahudumu kwamba alipunguzwa mfuko wa tumbo, kwa sababu dripu ya sukari inayowekwa kabla ya vitamini B1 huweza kuizidisha hali hiyo.

Maisha baada ya kutoka hospitali

Siku za mwanzo ni za vinywaji vyepesi, kisha vinywaji vizito vyenye protini, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini, na karibu na wiki ya sita au ya nane mtu hurudi kwenye vyakula vya kawaida kwa kiasi kidogo. Mpangilio huu hulinda mstari wa pini wakati unapona, na kuuruka ni kujitafutia kutapika au jambo baya zaidi. Protini hupewa nafasi ya kwanza katika kila mlo, kiasi cha gramu 60 hadi 80 kwa siku, kwa kuwa mwili unaopungua kwa kasi hula misuli yake pamoja na mafuta. Maji hunywewa kidogo kidogo mchana kutwa, lita moja na nusu hivi, lakini si pamoja na chakula. Wengi hushauriwa kusubiri nusu saa baada ya kula. Vinywaji vyenye sukari, aiskrimu na chokoleti iliyoyeyuka hupita kwenye bomba bila kizuizi chochote, na mtu anayeviendea hivyo huweza kurudisha uzito huku kila mlo wake ukionekana mdogo. Pombe nayo huingia damuni haraka zaidi kuliko zamani, kwa hiyo kiasi kilichokuwa hakimlevyi mtu sasa kinaweza kumlevya.

Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele nyingi hukatika, jambo ambalo huwatisha wagonjwa kuliko mengine yote. Mara nyingi ni mshtuko wa mwili kutokana na upasuaji na kupungua kwa kasi, na nywele huota tena ikiwa protini na madini ya chuma vinatosha. Mawe kwenye kifuko cha nyongo pia hujitokeza katika kipindi hiki, na baadhi ya madaktari hutoa dawa ya kuyazuia kwa miezi 6. Ngozi iliyotanuka kwa miaka mingi hubaki ikining'inia, na mazoezi hayawezi kuirudisha yote.

Kwa wanawake lipo jambo ambalo mara nyingi halisemwi mapema. Unene huvuruga yai kupevuka, na uzito unaposhuka, mwanamke aliyekaa miaka bila kupata ujauzito anaweza kuupata ndani ya miezi michache. Ushauri wa kawaida ni kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, uzito utulie na akiba ya vitamini ijengeke, kwa sababu mtoto aliye tumboni huhitaji chakula ambacho mama katika kipindi hicho hawezi kukila. Mpango wa uzazi basi hujadiliwa kabla ya upasuaji.

Uzito unapungua kiasi gani?

Kwa wastani mtu hupoteza robo moja au zaidi kidogo ya uzito wake wote, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Aliyeanza na kilo 120 anaweza basi kufika kilo 90 au pungufu kidogo. Baada ya hapo uzito husimama, kisha kwa wengi hupanda kidogo. Katika ule utafiti wa Finland, baada ya miaka 10 waliopunguzwa mfuko walikuwa wamepoteza asilimia 43.5 ya uzito wa ziada, na waliochepushwa asilimia 50.7. Uzito wa ziada maana yake ni kilo zilizozidi uzito unaofaa kwa urefu wa mtu: aliyekuwa na ziada ya kilo 50 alikuwa bado amepungua karibu kilo 22 miaka 10 baadaye. Anayetarajia kurudi kwenye umbo la ujana wake anaweza kuyaona matokeo hayo kuwa madogo. Lakini kwa magoti, kwa moyo na kwa usingizi wa mtu, kilo 22 zisizorudi kwa miaka 10 ni jambo kubwa ambalo mlo pekee ni nadra kulifikia.

Kuhusu kisukari, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliwalinganisha wagonjwa waliotibiwa kwa dawa pekee na waliofanyiwa pia upasuaji. Baada ya miaka 5, kipimo cha sukari ya wastani wa miezi mitatu kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 6 au chini kwa asilimia 5 ya waliotumia dawa pekee, asilimia 23 ya waliopunguzwa mfuko na asilimia 29 ya waliochepushwa. Upasuaji basi humsaidia mwenye kisukari kwa kiwango ambacho dawa za wakati huo hazikukifikia, ingawa wengi hawakupona kabisa, na aliyeugua kwa miaka mingi hadi kongosho limechoka hufaidika kidogo kuliko aliyegundulika juzi.

Tangu mwaka 2021 swali limekuwa gumu zaidi, kwa sababu zimekuja sindano mpya zenye nguvu zaidi zinazoiga homoni ya GLP-1. Semaglutidi ilipunguza uzito kwa wastani wa karibu asilimia 15 katika wiki 68, na tirzepatidi, inayoiga homoni mbili, ilikaribia asilimia 21 kwa kipimo chake cha juu katika wiki 72. Namba hizo za mwisho zinaukaribia upasuaji, na kwa mtu mwenye BMI ya 31 au 32 ni haki kujaribu dawa kwanza. Tofauti iko katika muda. Walioacha semaglutidi walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo anayechagua sindano anachagua kuitumia kwa miaka, pamoja na gharama yake, na anayechagua upasuaji anachagua badiliko moja lisilofutika. Baadhi ya madaktari sasa huziunganisha njia hizi mbili, wakitoa dawa kwa aliyepunguzwa mfuko ambaye uzito umeanza kurudi, na sioni sababu ya mgonjwa kuona haya kuiomba. Shinikizo la damu likirudi baada ya kutibiwa, hakuna anayemwambia mgonjwa kwamba amepoteza nafasi yake.

Mwenye kufikiria upasuaji huu ana haki ya kumuuliza daktari amefanya mangapi ya aina hii, na wangapi kati ya wagonjwa wake walivuja. Ni nani atakayepokea simu saa nane za usiku moyo ukienda mbio. Kipimo cha kamera kimeonyesha nini kwenye umio wake, na kwa nini anashauriwa kupunguzwa mfuko na si kuchepushwa. Na mwaka wa tano, akiwa amepona na kusahau habari za hospitali, ni nani atakayemwita aje kupimwa damu.